Plastiki Haihemi

Jumatatu, 3 Machi

Saa moja asubuhi. Nimempata! Kwenye chujio, kati ya majani na kandambili ya mguu wa kushoto. Yavuyavu. Kiumbe laini wa bahari, asiye na mfupa, lakini si wale wakubwa wanaowasha miguu ya waogeleaji. Huyu ni mdogo kama kifungo cha shati, mwangavu kama kioo, ukingoni ana mstari wa zambarau, katikati vitone vinne vyekundu. Anajifumba, anajifumbua. Anahema.

Nikaketi juu ya ndoo. Ndoo haikuwa na mfuniko. Ilikuwa na maji.

Acha nieleze kwa utaratibu, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Mimi ni fundi wa pampu katika jumba la samaki. Pampu huvuta maji ya bahari, maji huangukia kwenye shimo la saruji, hupita kwenye chujio, ndipo huingia kwenye matangi. Kila asubuhi nasafisha chujio na kuandika katika daftari kila kilichokutwa humo. Kila kitu. Hiyo ndiyo kanuni. Miaka mitatu iliyopita nililala na homa siku nne. Mke wangu, aliyekuwa mkata tiketi wetu, akanishikia kazi. Siku ya pili ameandika, kwa mwandiko wake wa kulalia upande: "Yavuyavu mdogo. Ukingo wa zambarau. Vitone vinne vyekundu. Mzuri sana. Nimemweka kwenye chupa dirishani."

Alimngoja mhifadhi, mkuu wa jumba, amalize chai ili amwone. Chai ya mhifadhi haina haraka. Alipokuja, chupani palikuwa na maji na gamba la chaza, basi. Akatoa kalamu nyekundu, akayapiga mstari maneno yake yote, akaandika juu: "Kipande cha mfuko wa plastiki."

Mke wangu alimwambia neno moja tu: plastiki haihemi. Kisha akarudi dirishani kukata tiketi. Lakini nyumbani nililisikia hilo kwa miaka miwili na zaidi. Anafua: plastiki haihemi. Anatafuta miwani: plastiki haihemi. Sasa ni miezi minane tangu atutoke, na ule mstari mwekundu bado uko pale.

Leo ninaye shahidi. Jumamosi anakuja daktari wa viumbe vya bahari kutukagua, na yavuyavu ndio kazi yake. Nitamwonyesha mwenyewe. Nataka maneno ya mke wangu yarudi kuwa maneno. Si ombi kubwa.

Mhifadhi asijue! Akijua, kesho yavuyavu atakuwa wake. Mtu huyu huandikia lebo kila kitu: matangi, milango, kopo la sukari, hata kiti anachokalia. Ndiyo maana tunamwita Bwana Lebo.

Kwenye daftari nimeandika: "Majani. Kamba. Kandambili ya kushoto." Uongo wangu wa kwanza katika miaka kumi na tisa ya chujio. Nimejishangaa.

Mgeni amekwenda nyumbani ndani ya chupa yangu ya chai. Chai niliimwaga. Nikasuuza mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Yavuyavu hataki kona. Nimesoma kwenye lebo ya Bwana Lebo, tangi namba nne. Akikwama konani huchanika, kwa hiyo maji yazunguke taratibu. Nyumbani kwangu chombo kisicho na kona ni kimoja: bakuli la kioo la sharubati, ambalo mke wangu alilitoa kabatini kwa wageni wa heshima peke yao. Nikafikiri. Nikalitoa.

Nikachukua mwiko. Nikakoroga polepole kuelekea kulia. Nusu saa. Mkono ukafa ganzi. Nikahamia kushoto. Mgeni akageuka juu chini. Nikamwomba radhi.

Mpango bora zaidi! Feni yetu ya zamani, mabawa mabovu, mota nzima. Nikamrudisha mgeni kwenye chupa ya chai, maana mimi si mjinga, jaribio hufanywa kwa maji matupu. Nikafunga mwiko kwenye mota kwa waya. Namba moja, kimya. Namba mbili, kimya. Namba tatu!

Ndipo shemeji akaingia. Ni dada mkubwa wa mke wangu, ana ufunguo wake, na tangu msiba huja kila siku kuhakikisha nimekula. Maji yalimpata kuanzia kichwani hadi viatuni. Akasimama pale pale mlangoni akichuruzika maji. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi ndivyo ninavyokaribisha watu, au ni yeye tu nimempendelea.

Nikaenda kumletea taulo. Lakini kwanza nilimrudisha mgeni bakulini pamoja na maji yake, na hilo ndilo kosa. Niliporudi, shemeji alikuwa na kijiko mdomoni. Akasema supu hii imezidi chumvi, tena haina kitu ndani, ndiyo maana nakonda.

Nikalirukia bakuli. Kitone kimoja, viwili, vitatu, vinne. Yupo!

Ikabidi nimweleze yote. Alisikiliza huku akijifuta. Mwisho akasema mdogo wake hakuwahi kukosea jambo maishani ila katika kuchagua mume, na hata hapo alijitetea vizuri. Kisha akaninyang'anya mwiko. Anakoroga vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni anahitaji maji mapya. Nikatoka chumba cha pampu na ndoo ya maji ya bahari. Bwana Lebo huyo mlangoni. Ya nini? Nikasema ya kulowekea miguu, visigino vimepasuka. Uongo wa pili. Huu ulikuja wenyewe, hata sikuuita.

Bwana Lebo akasema kumbe tuko wengi! Akaleta kiti chake chenye lebo, akavua soksi, akatumbukiza miguu kwenye ndoo yangu. Nami ningefanyaje? Nikatumbukiza. Tumekaa hivyo saa nzima, watu wazima wawili, vidole kwa vidole, mwalimu na darasa lake zima wakipita mbele yetu. Mwalimu aliwaharakisha.

Wakati wote ananichimba. Mbona siku hizi chujio halipati kitu ila majani? Mbona chupa yangu ya chai ina chumvi mdomoni? Mbona nimeazima kitabu chake cha yavuyavu? Nikasema hunisaidia kupata usingizi. Akasema ajabu, maana ukurasa wa vitone umekunjwa. Akaniita "mzee wangu" mara sita. Mtu huyu akikuita mzee wangu, kagua mifuko yako.

Jioni nikafikiri. Paka akizunguka jikoni usimfukuze, atarudi. Mpe mfupa uani. Basi nitamtengenezea mfupa!

Mfuko mweupe wa dukani, nikakata duara. Ukubwa wa kifungo ulinishinda, mkasi ni wa kukatia bati. Nikaishia ukubwa wa kisahani cha kikombe. Ukingo nikaupaka kalamu ya zambarau. Vile vitone nikakosa cha kuvitilia, hadi nilipoikumbuka rangi ya kucha. Bado ipo juu ya kabati, nusu imeganda. Nikafungua, na ile harufu ikatoka. Jumamosi alasiri mke wangu alikuwa akiweka miguu mapajani kwangu nami nampaka. Kidole kidogo cha kushoto nilikikosea kila wiki, akasema basi hicho ndicho saini yangu.

Ikabidi nikae kidogo.

Kisha nikatia vitone vinne. Sikukosea hata kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mfupa nimeuweka kwenye chujio saa kumi na mbili na nusu. Nikaenda kwa Bwana Lebo nikilalamika kwamba leo mgongo unauma, sijui kama nitaweza kuinama. Akasema pumzika, mzee wangu, nitaliangalia mimi. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyeachwa na basi.

Ukelele! Nilimsikia kupitia kuta mbili.

Mpaka saa tatu mfuko wa dukani ulikuwa kwenye tangi namba saba, na taa yake peke yake. Maji ya bomba yanaupiga kwa chini, unajifumba, unajifumbua. Nakiri umependeza. Lebo tayari: "Yavuyavu wa ajabu. Amegunduliwa na mhifadhi wa jumba hili." Amesimama hapo asubuhi nzima akiwaambia watazamaji wasipumue kwa nguvu, ni kiumbe dhaifu. Bibi mmoja aliuliza anakula nini. Akasema bado anamchunguza, lakini ni wazi hana tamaa.

Nilicheka chumba cha pampu hadi nikashika mbavu. Nilitamani kumsimulia mtu. Nikageuka kuelekea dirisha la tiketi kama nilivyozoea. Siku hizi kuna mashine pale.

Halafu mambo mawili, yote mabaya. La kwanza: Bwana Lebo amempigia simu daktari, naye anakuja kesho badala ya Jumamosi. La pili: ametaka jumba ling'ae, na ameniagiza niisugue kwa klorini ile chupa ya jamu iliyo dirishani. Anasema inatia aibu, ina ukungu.

Hiyo ndiyo chupa ya mke wangu, ile ile. Aliiacha na maji yake na gamba lake la chaza, akaniambia nisiioshe, mgeni akirudi akute mlango wazi. Kila Jumapili naibadilishia maji, ya zamani namwaga kwenye shimo la chujio ili yasipotee bure, na ninadondoshea tone la chakula cha vifaranga vya samaki. Hakuna anayekula. Ni mazoea tu. Kuosha vyombo ndiyo kazi yangu, nimeosha kila kioo cha jumba hili mara elfu, lakini hicho sijakigusa kwa kitambaa.

Nikasema sawa, mkuu, naisugua sasa hivi. Nikaificha kwenye kabati la klorini, chini ya ndoo. Nani atatafuta chupa chafu kwenye kabati la usafi?

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja. Balaa! Bakuli ni tupu. Nimetazama kwa tochi, kwa miwani, kwa miwani ya marehemu. Maji tu. Nimepitisha kidole chini, nikahisi kama punje laini, pengine uchafu.

Nikamgeukia shemeji. Nilimuuliza kwa heshima zote kama jana alionja. Akasema hakuonja. Nikamtazama. Akasema basi, kijiko kimoja, kuangalia kama chumvi imepungua. Nikamtazama tumboni. Akaja juu: yaani amekuja hapa siku nne kukoroga maji ya bahari kama mwendawazimu, na shukrani yake ni kuambiwa amekula ndugu wa marehemu? Nikasema si ndugu, ni shahidi. Akasema akimsikia anahema atanijulisha. Nimeondoka bila kunywa chai.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Lazima niandike.

Daktari alifika saa nne. Mwanamke mwembamba, begi moja, safari ya saa tisa mwilini. Bwana Lebo alikuwa na tai. Alimpeleka tangi namba saba akitembea kinyumenyume. Daktari akainama. Akatazama muda mrefu. Bwana Lebo akaninong'oneza kwamba amepigwa na butwaa. Daktari akaomba koleo. Akakitoa kile kitu, akakigeuza, akakisoma.

Ndiyo, akakisoma. Kwa ndani kilikuwa na maandishi ya dukani: "RIBU TENA."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ningepaswa kukata upande wa pili wa mfuko.

Pampu tu ilisikika, na niseme ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mwisho daktari akamuuliza Bwana Mhifadhi kama amemwita saa tisa za barabara aje kuona mfuko wa duka. Bwana Lebo akafungua mdomo, akafunga, akafungua, kama kitu chenyewe. Kisha akanigeukia mimi, taratibu.

Daktari alikuwa ameshafunga begi. Angetoka, na asingerudi tena, na nani baada ya hapo angeamini yavuyavu yeyote kutoka kwetu? Mimi ndiye niliyemfanya mke wangu kuwa mwongo mara ya pili. Mimi, kwa mkasi wangu!

Nikasimama mlangoni. Nikakiri kila kitu: chupa ya chai, ndoo ya visigino, rangi ya kucha. Nikamfungulia daftari ukurasa wa miaka mitatu iliyopita. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu, ila naye ametoweka, na huenda yumo ndani ya shemeji.

Daktari alisoma. Chini ya mstari mwekundu maneno yanasomeka bado. Akakaa juu ya begi lake, akasoma tena. Akauliza huyo mkata tiketi alimweka wapi. Nikasema chupani. Akauliza chupa iko wapi. Bwana Lebo akajibu haraka kwamba imesuguliwa kwa klorini, kwa amri yake. Nikasema hapana, mkuu. Nilikudanganya.

Sijawahi kuona mtu akifurahia uongo kama daktari yule.

Nikamfungulia kabati la klorini, naye akaitoa chini ya ndoo kwa mikono miwili. Akaweka lenzi juu ya gamba la chaza. Akauliza nani ameosha. Nikasema hakuna, mke wangu alikataza. Akasema amekataza vizuri.

Lile tulilodhani ukungu ni vichipukizi. Vijiti vidogo vyeupe, kama unyoya, arobaini na kimoja. Alitueleza kwamba yavuyavu wa namna hii wana maisha mawili. Kwanza hushika mahali kama mmea, baadaye huachia kitoto kinachoogelea. Na wako wachache ambao, wakizidiwa, hawafi moja kwa moja. Hujikunja, huzama chini, hushika mahali na kuanza upya. Labda huyu ni mmojawapo. Hakuna ajuaye, maana hakuna aliyewahi kumfuga muda wa kutosha kumchunguza. Hakuna, akasema, ila ninyi wawili.

Basi yule wa Jumatatu hakutoka baharini. Alitoka chupani mwa mke wangu, nikammwaga mwenyewe shimoni Jumapili moja, akakulia humo, akanaswa na chujio. Miaka mitatu nawamwaga wageni wake!

Ikabidi tungoje. Kimoja kilikuwa kimevimba kichwani. Tumekaa watu watatu kuizunguka chupa ya jamu. Chai ya Bwana Lebo ilipoa, hakuigusa. Saa tisa na dakika ishirini kikaachia. Kidogo kama punje ya mtama. Daktari akasogeza lenzi na kunipisha. Vitone vinne. Kikajifumba, kikajifumbua.

Nilisema kwa sauti, bila kutaka. Ile kauli ya mke wangu. Bwana Lebo alitazama viatu vyake.

Daktari akaomba kalamu. Aliyekuwa nayo ni Bwana Lebo, nyekundu. Daktari akaandika pembeni ya ukurasa: "Si plastiki. Nimemwona." Akatia tarehe na saini. Akauliza jina kamili la mkata tiketi. Nikamtajia. Akaliandika kwenye daftari lake mwenyewe, herufi kwa herufi, nami nikamsahihisha mara moja tu. Akasema kumpa kiumbe jina huchukua miaka, lakini ripoti yake itaanzia hapo.

Nikaikumbuka ile punje laini ya bakulini! Nikakimbia nyumbani na viatu vya mpira miguuni. Bakuli linang'aa. Shemeji amelisugua kwa sabuni, amelipangusa, amekorogea sharubati ya kunituliza.

Nimekunywa glasi mbili. Tamu. Hakutia chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mapumziko, ila chujio halina mapumziko. Nafsi imetulia. Daktari ameondoka jana na kutuachia masharti matatu: chupa isiguswe, kisifichwe kitu, na daftari liandikwe ukweli mtupu. Bwana Lebo atahesabu vichipukizi kila Jumatatu na kumpigia simu. Nimeapa mbele yao, mkono kifuani. Nimemweleza shemeji kwamba wiki hii imenifunza. Ujanja huzaa aibu. Njia ya mkato ina miiba. Nimezeeka, nimekoma.

Bwana Lebo amebandika lebo mpya dirishani: "Alimwona kwanza mkata tiketi wetu." Ametumia kadi nzuri, ile ya wageni. Nimeifuta vumbi mara tatu. Haikuwa na vumbi.

Jambo dogo tu. Jana jioni, wakati wa kuaga, nilibaki peke yangu na chupa kwa dakika tano. Vichipukizi arobaini na kimoja ni vingi. Nyumbani bakuli la mke wangu liko tupu, na nyumba iko kimya. Nilitumia kibano chake cha nyusi. Kimoja tu! Kimesafiri vizuri, chupa ya chai imeshazoea.

Hesabu ya kesho isiharibike, nimekwisha bandika kipande cha tambi kwenye gamba, pale pale palipobaki wazi. Urefu ule ule, rangi ile ile. Arobaini na kimoja. Shemeji ameniuliza tena na tena kama nina akili timamu. Akasema tambi haihemi. Nikamwambia hata vile vingine bado havihemi, nani atajua?

Amenuna. Lakini bakuli liko mezani, na nimeona ameshachukua mwiko.